Bakuli la Njano Barazani

Pine Bluff, Arkansas
9 Oktoba 1994

Corliss mwanangu,

Kabla hujauliza: mimi mzima, paa halivuji, na paka wa jirani bado anakuja kulala kwenye kiti changu kana kwamba analipa kodi. Joto limegoma kuondoka. Kanisani bado tunajipepea kwa zile pepeo za kampuni ya mazishi, na mchungaji anahubiri kama vile hakuna mtu aliyeacha nyama jikoni. Msalimie Thaddeus mumeo. Mbusu Janeen, na umwambie hiyo tarumbeta aipulizie chini ya nyumba mpaka aijue.

Barua yako ya mwezi wa nane niliipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli. Gari nimeliuza. Lilikuwa limenichoka na mimi nimelichoka, na siku hizi Mina Tate ananipeleka ninakotaka, ingawa anaendesha kama mtu anayefukuzwa.

Chai yetu ya Kofia ilifana sana. Kulikuwa na kofia pale ambazo zingeweza kukinga familia nzima na mvua. Tiketi zote ziliisha, kwa hiyo mfuko wa bakuli umenona, na dada yeyote atakayepatwa na shida mwaka huu hatakosa. Doa lilikuwa moja tu. Keki yangu ya siagi, ile ninayooka tangu hujazaliwa, watu walionja wakaisukuma pembeni ya visahani. Mina hakuficha. Alisema mbele ya wageni, "Ernestine, hii keki umeivua baharini?" Duka siku hizi linatia chumvi na sukari kwenye mifuko ya namna moja. Aibu ni yao.

Sasa neno langu la kila mwaka, nawe unalijua. Rudi kwenye chama chetu, Udada. Wewe nilikuvisha beji yetu ya alizeti mwenyewe, kwa mikono yangu, pale chuoni, nikalia mpaka rangi ya macho ikanichuruzika. Wasichana wengine wanadhani Udada ni nyimbo na sweta zenye herufi za Kiyunani, na wakishapata cheti wanasahau. Ukimaliza chuo ndipo kazi inapoanza, na inaisha siku unapozikwa na dada zako wamevaa njano. Lakini wewe hulipi ada, huendi mkutanoni, na mimi hapa nikiulizwa nasema una kazi nyingi. Sikuulizi sababu. Naona vibaya tu.

Shangazi yako,
Ernestine


Duluth, Minnesota
30 Oktoba 1994

Shangazi mpendwa,

Huku tayari tumevaa makoti mazito na ziwa limeanza kunguruma. Thaddeus yuko bandarini mchana kutwa wakipakia madini ya chuma kabla maji hayajaganda. Akirudi anakula amesimama. Janeen ameingia bendi ya shule. Tarumbeta anaipulizia chumbani, na jirani yetu Mnorwei, mtu ambaye hasalimii, alikuja mwenyewe kuuliza kama kuna mgonjwa.

Mimi niko palepale kliniki ya macho. Juzi nilimpima mzee mmoja kwa ile mashine ya taa: unaweka kidevu, unatazama mbele, na kila taa inapowaka pembeni unabonyeza kitufe. Hakubonyeza hata mara moja, kisha akaniambia mashine yangu ni mbovu, taa haziwaki. Zilikuwa zinawaka, Shangazi.

Nakwambia hili kwa sababu barua yako naiona mbele yangu. Mistari inapandiana. Chini ya ukurasa umeandika juu ya maneno uliyokwisha kuyaandika. Halafu gari umeuza, halafu keki ina chumvi. Duka lile nalijua, mifuko haifanani. Bibi naye alianza hivyohivyo, anagonga bega kwenye fremu ya mlango na kuulaumu mlango. Ni presha ya macho na inapita kwenye damu. Haiumi wala haiwashi. Inakula pembeni kwanza, na ilichokula hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kuokolewa. Nani alikupima mara ya mwisho, na lini? Niambie ukweli.

Kuhusu Udada, tuliache. Tawi liko St. Paul, mbali na hapa, na kuna mambo mengine ambayo hayana haja ya kuandikwa.

Akupendaye,
Corliss


Pine Bluff
20 Novemba 1994

Corliss mwanangu,

Hongera kwa kazi njema zote za kliniki yako, lakini usinipime macho kwa posta. Kalamu ilikuwa mbovu na nilikuwa naandikia kwenye mapaja. Leo niko mezani. Unaona?

Sisi hatujambo. Viazi vitamu vimekubali mwaka huu, nimeoka pai za kutosha kulisha jeshi, na sukari nimeionja kwa ulimi kabla ya kuitia, kwa hiyo furahi. Simu yako ya Jumapili niliisikia ikilia nikaiacha. Mama yangu alikuwa akisema simu ni ya misiba, mambo mengine andika, nami sijabadilika.

Umeuliza ukweli, nitakupa ninaoutaka. Unamkumbuka Dada Lucinda Pettigrew, aliyeshika bakuli kabla yangu? Mwanamke mrefu, mkali, kila asubuhi ya kazi yake anaamka kabla ya ndege. Unajua taratibu zetu. Hakuna dada anayeomba kwa mdomo wake. Lazima mwingine aseme jina lake kwa mshika bakuli. Mshika bakuli hamwambii mtu. Anapika, chini ya karatasi ya keki anaweka kile kilichohitajika, na alfajiri anakiacha barazani ndani ya bakuli la njano lisilo na jina. Ukikuta bakuli barazani kwako huulizi na hushukuru. Ukisimama tena kwa miguu yako, unalirudisha limejaa, na hakuna anayesema neno. Lucinda aliifanya kazi hii mpaka magoti yakamkataa. Basi tukafanya karamu, tukampokonya bakuli kwa makofi, tukampa kiti cha heshima chenye mto. Mwaka haukuisha tukamzika. Mimi nasema kile kiti ndicho kilichomuua.

Kwa hiyo napeleka mabakuli kwa miguu na naona ninachohitaji kuona. Yaishe.

Shangazi yako


Duluth
18 Desemba 1994

Shangazi mpendwa,

Heri ya Krismasi mapema. Kifurushi cha njugu za pekani kimefika na Thaddeus tayari amekishambulia. Janeen atapiga wimbo mzima kanisani bila kusimama katikati, tuombee.

Nina habari. Kaa kwanza. Nimerudi kwenye Udada.

Jumamosi iliyopita niliendesha mpaka St. Paul kwenye theluji. Walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa maktaba, wamefunga mitandio ya njano juu ya makoti, wanapanga vikapu vya Krismasi kwa ajili ya akina mama wajane. Niliposimama mlangoni dada mmoja mnene, Imogene Batts, alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele akasema, "Wewe ndiye yule wa Duluth? Tumekuandikia mpaka stempu zikatuishia. Ulipotelea wapi?" Nikasema nilikuwa nyumbani. Akasema, "Basi vua koti, vikapu havijifungi." Hakuna aliyeniuliza zaidi. Nimelipa ada zangu zote za nyuma, na nilipoimba ule wimbo wetu wa kufunga mkutano nilishangaa kuona bado naujua. Nililia kidogo kwenye gari.

Nilikuwa na sababu ya kurudi. Usiiulize.

Kuhusu macho yako, sitakusumbua tena. Umeshinda. Nina swali moja la taratibu tu, maana nimesahau mengi: je, dada wa tawi moja anaruhusiwa kusema jina la dada wa tawi lingine? Na kama mshika bakuli hapatikani, jina linasemwa kwa nani?

Akupendaye,
Corliss


Pine Bluff
22 Januari 1995

Mwanangu Corliss,

Nimeimba jikoni mpaka paka akatoka. Umerudi! Nimemwambia kila mtu, hata mtu wa gesi. Mungu akupe miaka mingi ya kulipa ada.

Jibu la swali lako: alizeti ni alizeti popote ilipoota, mradi ada imelipwa, na kama mshika bakuli hapatikani jina anaambiwa mwenyekiti wa tawi, ambaye kwetu ni Mina. Lakini mimi napatikana siku zote, kwa hiyo ukiwa na jina la mtu wa huku, leta.

Sasa nikwambie lililo moyoni, kwa sababu huku sina wa kumwambia. Nadhani wanataka kunipokonya bakuli. Nikiingia wananyamaza. Jumanne magari yalikuwa yamejaa mbele ya nyumba ya Mina, na mimi sikualikwa. Nilimuuliza akasema eti walikuwa wanatazama sampuli za mapazia. Mina! Mwanamke ambaye hajabadilisha pazia tangu vita vya Korea. Mwezi uliopita nilijikwaa kwenye ngazi za Dada Odessa Crume, yule anayeumwa mguu, kidogo tu, nikamwaga mchuzi, na nadhani amesema. Nimeumia, Corliss. Sikufichi. Naamka usiku naona kile kiti chenye mto.

Halafu kuna uzembe umeingia. Wiki mbili zilizopita nimetoka asubuhi nikakuta bakuli la njano barazani kwangu mwenyewe, limejaa kuku na makaroni ya jibini, ya moto. Mtu kapika, kaona uvivu wa kwenda, kaniachia mimi nipeleke, na hata jina hakusema! Nikawaza ni nani mwenye shida, nikakumbuka mguu wa Odessa, nikampelekea. Alhamisi nakuta jingine. Hilo nimempelekea Dada Valeria, mumewe amelala hospitali. Ninawafanyia watu kazi zao na wao wananinong'ona.

Shangazi yako aliyechoka


Duluth
5 Februari 1995

Shangazi mpendwa,

Tuko salama, ila ziwa limeganda na Thaddeus yuko nyumbani anatengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Janeen alipiga wimbo wote, akasimama mara moja tu, na mchungaji akasema amina kwa sauti kubwa kuficha.

Shangazi, nakuomba jambo, nami siwezi kueleza kwa nini, unajua kuna mambo hatusemi. Ukikuta bakuli lingine barazani kwako, usikimbilie kulipeleka kwa mtu. Liingize ndani. Kaa. Funua karatasi uone chini yake kuna nini, kisha ufikiri polepole.

Na watu wakinyamaza ukiingia, si lazima iwe kwa ubaya. Mina anakupenda. Sijui zaidi ya hapo.

Tafadhali Shangazi. Liingize ndani.

Corliss


Pine Bluff
6 Machi 1995

Corliss,

Salamu utazipata siku nyingine.

Barua yako imefika siku mbili baada ya mimi kupeleka bakuli la tatu. Hilo lilikuwa zito, na nilisikia kitu cha nguo ndani, nikajua ni la mtu mwenye mahitaji makubwa, nikampelekea Odessa tena kwa sababu mguu umezidi. Sikufunua. Mshika bakuli hachungulii bakuli alilofungiwa na mwingine, hiyo ni heshima.

Jumamosi kwenye mkutano wa tawi, baada ya sala, Odessa akasimama na fimbo yake. Kusimama kuzungumzia bakuli! Haijatokea tangu tawi lianzishwe. Akasema, "Dada zangu, najua hatusemi, lakini hili lazima niseme. Kuku nimekula, asanteni. Gauni jipya la kulalia nimelipenda. Lakini hii miwani myeusi na hii kadi ya hospitali ya Little Rock isiyo na jina, ya kupimwa na kupasuliwa jicho tarehe ishirini na nane, jamani, nani kawaambia mimi kipofu? Mimi naumwa mguu! Macho yangu yanaona mpaka nzi wa nyumba ya pili!"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, nikasema, "Ni mjinga gani kafanya hivi, kampelekea mwenye mguu operesheni ya jicho?"

Sikiliza, Corliss. Kicheko kikakatika. Naona katikati tu siku hizi, pembeni ni giza, basi ikabidi nigeuze kichwa kwenye uso mmoja baada ya mwingine, na kila uso ninaoufikia unainama. Nilipofika kwa Mina alikuwa analia. Ndipo nikaelewa mabakuli yalikuwa ya nani.

Ni wewe. Umerudi kwenye Udada ili upate mdomo wa kunisemea. Nami nikaimba jikoni! Nimekupa hata sheria yenyewe kwa mkono wangu. Umenianika mbele ya wanawake niliowalisha nikiwa nasimama wima. Sasa wote wanajua, na utaona, mwezi ujao kiti kinakuja.

Little Rock siendi. Usiniandikie.

E. Purifoy


Duluth
14 Machi 1995

Shangazi,

Naandika hata kama umenikataza. Ndiyo, ni mimi. Nilimwandikia Mina siku ileile niliyokuuliza lile swali la taratibu, sikungoja jibu lako.

Nitakwambia kile ambacho sikutaka kukiandika. Mwaka 1987 nilipompoteza mtoto, yule wa kiume tuliyempa jina la baba, Everett, nilikuwa na miezi sita tu katika mji huu. Sikumjua mtu. Ada nilikuwa nimelipa. Kila asubuhi, kwa wiki nyingi, nilikuwa naamka kabla ya Thaddeus nafungua mlango wa mbele. Siku moja alinikuta nimesimama pale na kanzu ya kulalia, theluji inaingia ndani, akaniuliza, "Mke wangu, unamtafuta nani?" Nilikuwa natazama kama kuna bakuli.

Halikuja. Lingekujaje? Hakuna aliyejua jina langu wa kulisema. Na wewe sikukuambia mpaka Krismasi, kwa sababu kukuambia kungekuwa kuomba, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hatuombi. Ulipojua uliniandikia barua nzuri, ulisema Mungu anajua, na mwisho ukanikumbusha ada ya mwaka mpya. Sikulipa. Ndiyo sababu uliyokuwa hutaki kuuliza.

Sikuandiki kukulipizia, Shangazi. Nakwambia ili ujue kwa nini nimesema jina lako. Kwa sababu najua ilivyo kusimama mlangoni. Kila dada wa Pine Bluff akiwa na shida wewe unasema neno linafika. Nani angesema lako? Nyote mlisahau kwamba mshika bakuli naye ana baraza.

Nichukie ukitaka, nitavumilia. Lakini nenda tarehe ishirini na nane. Umekiri mwenyewe kwamba pembeni ni giza. Likifika katikati hata mimi sitaweza kukuandikia tena.

Corliss wako


Duluth
30 Aprili 1995

Shangazi,

Mwezi na zaidi, hakuna neno. Nimepiga simu inalia tu. Nimempigia Mina, akaniambia, "Dada, habari za bakuli hazisemwi," akakata. Sijui nicheke au nilie. Nimempigia mchungaji naye akasema uko mikononi mwa Bwana, jambo ambalo halijanisaidia kulala.

Barafu imepasuka na meli zimeanza kuingia. Janeen anakusalimu. Hata kama ni kunitukana, andika.

Corliss


Pine Bluff
11 Juni 1995

Corliss mwanangu,

Mimi mzima. Paa halivuji. Paka amezaa kwenye kiti changu, kwa hiyo hata kodi hatalipa tena. Msalimie Thaddeus, na Janeen mwambie nimesikia ameshika nafasi ya pili kwenye bendi na wa kwanza ajiangalie.

Unaona mistari? Naandikia juu ya ubao ambao Mina ameufunga nyuzi, kalamu inapita kati ya uzi na uzi. Ndiyo maana nimechelewa, pia nilikatazwa kuinama, pia nilikuwa nimekasirika. Hasira ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi.

Nikwambie ilivyokuwa. Barua yako ya Machi ilipofika sikuweza kuisoma. Uliiandika kwa hasira, herufi ndogondogo, na mimi kwa hasira yangu nikakaa nayo dirishani asubuhi nzima, naona neno Shangazi juu na jina lako chini, katikati hakuna kitu. Nikaiweka mezani. Kesho yake nikaichukua tena, hivyohivyo. Mwishowe nikafunga kilemba nikaenda kwa Mina, nikamwambia, "Nisomee, na ukisema neno lolote juu ya mapazia nitakupiga." Akasoma. Alipofika kwa mtoto akaishusha barua. Nikamwambia soma. Akasema, "Ernestine, haya ni yako peke yako." Nikamwambia soma, Mina, sina macho mengine. Akasoma mpaka mwisho.

Corliss, nilidhani dada wa St. Paul walikuja. Nilidhani hivyo miaka yote hii. Sikuuliza, kwa sababu hatuulizi. Nimewapelekea wanawake wa mji huu mabakuli kwa kila jino lililong'oka, na mtoto wa kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni kwenye theluji. Nimelia, mwanangu. Bado nalia nikiosha vyombo.

Basi tarehe ishirini na nane nikavaa kofia yangu ya Pasaka nikakaa barazani. Mina akaja, na nyuma ya gari yuko nani? Odessa Crume, mguu kaunyoosha juu ya kiti, amekumbatia lile gauni. Akaniambia, "Shika lako. Nimelivaa mara moja tu na nimelifua." Nikamwambia, "Odessa, wewe unakwenda wapi?" Akasema, "Kadi ilikuja kwangu. Operesheni hii ni yangu, wewe unanisindikiza." Tulicheka mpaka Mina akapitiliza njia.

Jicho la kushoto walisema liliondoka zamani bila kuniaga. La kulia wameliokoa kama lilivyo. Naona uso wa mtu, naona ukurasa, naona alizeti za Mina kwenye uzio zikianza kunyanyuka. Dada zangu walijipangia zamu za kuniwekea dawa ya matone, na kila mmoja ana mkono mzito kuliko mwenzake. Nilijifunza kulala chali na kunyamaza, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya katika Udada huu.

Kiti hakikuja. Niliwauliza waziwazi, wakaniambia nani mwingine anayejua baraza za mji mzima gizani? Kwa hiyo bado nabeba mimi, na Odessa ananishika kiwiko kunitajia ngazi, na mimi namshika yeye kwa sababu ya mguu. Tunaamsha mbwa wote. Siri ya bakuli Pine Bluff imekwisha, watu wanafungua madirisha kutuaga.

Mkutano wa mwezi wa tano nilisimama. Nilisema jina lako, nikasema na la Everett, kwa sauti, mbele ya wote. Hakuna aliyeuliza ni la mwaka gani.

Keki niliyokuokea ni ya siagi. Mina ameonja unga, ameonja sukari, ameonja mpaka nikamnyang'anya kijiko. Kifurushi nimekituma bandarini kwa Thaddeus, naye anajua la kufanya ukishalala. Ukipata barua hii, kesho yake amka kabla yake kama zamani, ufungue mlango wa mbele. Safari hii bakuli ni lako, mwanangu. Usimpelekee mtu. Kaa hapo kwenye ngazi ule.

Shangazi yako,
Ernestine